Kesi ya Socrates: shtaka lililoandikwa na shtaka lisilotajwa

Mwaka 399 KK raia wa Athens waliketi siku moja, wakasikiliza pande mbili, wakapiga kura mara mbili, na kabla ya giza kuingia mwanafalsafa Socrates, mzee wa miaka 70, akapelekwa gerezani kungoja kifo. Hapakuwa na jaji wa kitaalamu, hapakuwa na mwendesha mashtaka wa serikali, na rufaa haikuwapo. Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha mtu mwema aliyeuawa na wajinga. Kikisimuliwa hivyo hakifundishi kitu, kwa sababu waliomhukumu hawakuwa wajinga na mahakama yao ilifuata taratibu zake zote. Linalofaa kutazamwa ni jinsi utaratibu ule ulivyofanya kazi, mshtakiwa aliamua nini kila alipofika njia panda, na kwa nini misimamo yake ilimfungia milango ambayo mshtakiwa mwingine angeipita bila kusita.

Jambo moja kuhusu ushahidi wetu. Habari nyingi zimetoka kwa watu wawili waliompenda: Plato, aliyekuwapo mahakamani, na Xenophon, ambaye wakati huo alikuwa mbali Asia na jeshi, akaja kusimuliwa na Hermogenes, rafiki wa Socrates. Hotuba za washtaki hazikubaki. Tunasikia upande mmoja, na kila hukumu tunayoitoa hapa inabeba upungufu huo.

## Usuli

Vita vya Athens na Sparta vilianza 431 KK vikaisha 404 KK, Athens ikiwa imepoteza meli zake na watu wake wakiwa na njaa. Sparta ikasimamisha utawala wa watu 30. Kwa muda wa miezi kama minane, Thelathini hao waliua watu wasiopungua 1,500, wengine kwa sababu ya mali zao tu. Aliyekuwa mkali kuliko wote ni Critias. Wanademokrasia waliokimbia walirudi na silaha wakiongozwa na Thrasybulus, na mwaka 403 KK Critias akauawa katika mapigano ya Munychia, kando ya bandari ya Piraeus. Charmides, jamaa yake, alianguka siku hiyohiyo.

Kisha Athens ikafanya jambo ambalo miji mingi iliyotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe haijawahi kuliweza. Raia waliapa kutokumbushana mabaya. Ukiwatoa Thelathini wenyewe na maofisa wao wachache, hakuna aliyeweza kushtakiwa kwa aliyoyatenda kabla ya msamaha ule. Kiapo kilishikwa. Anytus, mwanasiasa mwenye kiwanda cha ngozi, ambaye tutamkuta tena kama mshtaki wa Socrates, alinyang'anywa mali nyingi wakati wa Thelathini na aliwajua waliomchongea. Hakuwafungulia kesi. Anastahili sifa hiyo.

Sasa weka hili pembeni ya hayo: Critias aliwahi kuwa mfuasi wa Socrates. Charmides vilevile. Alcibiades, jenerali aliyekimbilia Sparta na kumpa adui ushauri ulioiumiza Athens, alijulikana mji mzima kwa ukaribu wake na Socrates. Tena wanademokrasia walipokimbia mji, Socrates alibaki. Kwa mtu aliyefiwa na kaka au baba mikononi mwa Thelathini, mambo hayo manne yakiwekwa kwenye mstari mmoja yanatosha, hata kama sheria inamkataza kuyasema.

Tena kulikuwa na mchezo wa jukwaani. Mwaka 423 KK Aristophanes, mwandishi wa michezo ya kuchekesha, alimwonyesha Socrates akining'inia ndani ya kikapu, akichungulia mbingu na kufundisha vijana kugeuza hoja dhaifu iwe ya nguvu. Mwamuzi aliyekuwa na miaka 30 siku ya kesi alikuwa mtoto wa miaka 6 mchezo ule ulipotoka. Amekua na sura hiyo ya Socrates kichwani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: ndivyo watu wanavyofikiri, na Socrates aliwaambia waamuzi waziwazi kwamba washtaki hawa wa zamani, wasio na majina, anawaogopa kuliko Meletus, mshtaki aliyesimama mbele yake.

## Mshtakiwa na misimamo yake

Alikuwa mtoto wa Sophroniscus na mkunga Phaenarete, wa mtaa wa Alopeke. Alipigana kama askari wa miguu Potidaea, Delium na Amphipolis. Hakutoza ada kwa mazungumzo yake, na Xenophon anasema mali yake yote, nyumba ikiwemo, ingefika mina 5 (mina 1 ni drakma 100, na drakma 1 ni kama ujira wa siku moja wa fundi hodari). Alikuwa na mke, Xanthippe, na watoto watatu wa kiume, wawili bado wadogo.

Kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilianzia Delphi. Rafiki yake Chaerephon aliuliza pale mahali pa unabii, yaani hekalu la mungu Apollo, kama yupo mwenye hekima kuliko Socrates, akajibiwa hayupo. Socrates akaanza kuwahoji wanasiasa, washairi na mafundi ili aelewe jibu hilo lina maana gani, akakuta kila mmoja anadhani anajua asichokijua. Vijana walimfuata, wakafurahia kutazama wakubwa wakikwama, kisha wakaenda kufanya hivyohivyo nyumbani kwao. Hapo uadui ukazaliwa.

Misimamo yake miwili inahitajika kwa kisa hiki. Wa kwanza: usitende dhuluma kamwe, hata kama umedhulumiwa. Wagiriki wa wakati ule walilelewa kwamba mwanamume humtendea mema rafiki na mabaya adui, kwa hiyo hili lilikuwa geni masikioni mwao. Wa pili: kuogopa kifo ni kujidai unajua usichokijua, maana hakuna ajuaye kama kifo ni kibaya, ilhali kutenda udhalimu tunajua ni kubaya.

Misimamo hiyo ilishajaribiwa kabla ya kesi. Mwaka 406 KK, baada ya vita vya baharini vya Arginusae, majenerali walioshinda walishtakiwa kwa kutowaokoa mabaharia wa meli zilizovunjika vitani, ingawa dhoruba ndiyo iliyozuia uokoaji. Mkutano wa raia ulitaka kuwahukumu wote kwa kura moja, kinyume cha sheria. Socrates alikuwa miongoni mwa wajumbe wa baraza waliokuwa zamu, akakataa kuliruhusu jambo hilo huku umati ukipiga kelele akamatwe naye. Alishindwa, na majenerali sita waliokuwapo mjini waliuawa. Kisha zamani za Thelathini aliitwa pamoja na wengine wanne kwenye jengo la Tholos, wakaamriwa kwenda kisiwa cha Salamis kumleta mtu aitwaye Leon ili auawe. Wanne walikwenda. Socrates alikwenda nyumbani.

Katika visa vyote viwili, kimoja chini ya demokrasia na kingine chini ya madhalimu, alikataa kutumika kama mkono wa dhuluma. Hakupanga uasi, hakukimbia, hakumwonya Leon (walau hatusimuliwi hivyo). Alikataa sehemu yake tu. Tutaurudia mpaka huu mwishoni, kwa sababu ndio unaofungua mlango wa gereza au kuuacha umefungwa.

## Kesi ilivyofunguliwa

Athens haikuwa na ofisi ya kushtaki. Raia yeyote aliweza kufungua shauri la jinai. Mshtaki hapa alikuwa Meletus, kijana asiyejulikana sana, akiungwa mkono na Anytus na Lycon. Kwanza alimwita Socrates kwa mdomo mbele ya mashahidi, akimtajia siku ya kufika kwa mfalme-archon, ofisa wa mambo ya dini aliyekaa kwenye Ukumbi wa Kifalme pembeni ya uwanja wa Agora. Misingi ya ukumbi huo ilifukuliwa mwaka 1970. Ni jengo dogo, la urefu wa kama mita 18. Pale hati ilipokelewa, kukawa na usikilizwaji wa awali, pande zote mbili zikaapa, na siku ya kesi ikapangwa.

Hati yenyewe iliendelea kuhifadhiwa katika kumbukumbu za mji kwa karne nyingi, na maneno yake yametufikia. Inasema Meletus mwana wa Meletus wa Pitthus anamshtaki Socrates mwana wa Sophroniscus wa Alopeke: Socrates anakosa kwa kutoitambua miungu inayotambuliwa na mji na kuingiza mambo mengine mapya ya kiungu, tena anakosa kwa kuharibu vijana. Adhabu: kifo.

Soma tena sehemu ya mwisho. Anaharibu vijana gani? Lini? Kwa kuwafundisha nini? Hati haisemi. Na kosa la kufuru ndilo lililoiruhusu hali hiyo, kwa sababu sheria ya Athens ilitaja kosa bila kulifafanua. Ilikuwa juu ya kila mwamuzi kuamua kufuru ni nini. "Mambo mapya ya kiungu" yalilenga ile sauti ambayo Socrates alisema humjia tangu utoto, ikimzuia asifanye jambo fulani, kamwe isimhimize kufanya. Hakuificha, watu wengi mjini waliisikia habari yake kutoka kinywani mwake.

Mshtaki naye alibeba hatari. Asipopata hata moja ya tano ya kura, alitozwa drakma 1,000. Kinga hii iliwekwa ili watu wasifungue kesi za ovyo.

## Siku ya kesi

Waamuzi walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi la raia 6,000 wenye miaka 30 au zaidi, wakilipwa oboli 3 kwa siku, yaani nusu drakma. Inaelekea wengi wa waliokuja walikuwa wazee na watu wa kipato kidogo. Kesi ya Socrates ilikuwa na kama 500. Muda wa kusema ulipimwa kwa chungu cha maji chenye tundu karibu na kitako. Kimoja kilichopatikana Agora kinachukua lita kama 6.4 na huisha kwa dakika kama 6. Mashauri makubwa yalipewa maji mengi zaidi, lakini lazima shauri liishe siku hiyohiyo. Waamuzi hawakujadiliana. Walisikiliza, wakazomea au kushangilia, kisha wakaenda moja kwa moja kupiga kura. Socrates mwenyewe alilalamika kwamba angekuwa na siku kadhaa, kama miji mingine inavyotoa kwa kesi za kifo, angeweza kuwashawishi.

Meletus, Anytus na Lycon walitangulia. Kisha Socrates akasema hana ufundi wa mahakama, ni mara yake ya kwanza kusimama pale, na atazungumza kama anavyozungumza sokoni. Alifanya hivyo kweli. Alimpa Meletus maswali ya dodoso: nani huwafanya vijana wawe wema? Meletus akajibu ni sheria. Mtu gani? Waamuzi hawa. Wote? Wote. Na wasikilizaji? Nao. Na wajumbe wa baraza? Nao. Kumbe Athens nzima inawajenga vijana na mmoja tu anawaharibu! Kwa farasi, Socrates akauliza, si kinyume chake, wachache wanaojua kufunza ndio huwanufaisha? Akamwuliza kuhusu miungu, na Meletus akateleza. Akasema Socrates haamini mungu yeyote, ilhali hati yake mwenyewe inasema anaingiza mambo mapya ya kiungu.

Kama hoja, ilikuwa safi. Kama utetezi, ilifanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: iliwaonyesha waamuzi, mbele ya macho yao, tabia ileile iliyomletea maadui, na ilishughulika na uzembe wa Meletus badala ya hofu ya mji.

### Kutoomba huruma

Ilikuwa desturi mshtakiwa kuwapandisha watoto wake walie mbele ya waamuzi. Socrates aliwataja watoto wake watatu, kisha akasema hatawaleta. Kiburi hakikuwa sababu. Mwamuzi ameapa kuhukumu kwa sheria. Ukimlilia ili avunje kiapo, unamfundisha kwamba viapo kwa miungu si kitu. Maana yake, angejitetea kwa machozi dhidi ya shtaka la kufuru, angekuwa anatenda kufuru palepale. Katika utetezi wote hakuna mahali ambapo imani yake na shtaka lake vinagusana kwa karibu kama hapa, na inasikitisha kwamba waamuzi wengi huenda walisikia dharau tu.

Kabla ya hapo alikuwa amesema pia kwamba hata wakimwachia kwa sharti aache kuhoji watu, atamtii mungu kuliko wao.

### Kura ya kwanza

Alitiwa hatiani, lakini kwa tofauti iliyomshangaza: alisema kura 30 tu zingehama, angeachiwa. Kwa waamuzi 500 hiyo ni 280 kwa 220, maana sare ya 250 ilikuwa ushindi wa mshtakiwa. Akapiga hesabu hadharani: gawa kura za hatia kwa washtaki watatu, na fungu la Meletus halifiki moja ya tano, bila Anytus na Lycon angelipa zile drakma 1,000. Hesabu inakubali. 280 kwa tatu ni kama 93, na moja ya tano ya 500 ni 100.

### Adhabu

Sheria haikupanga adhabu ya kosa hili. Mshtaki alipendekeza yake, mshtakiwa yake, na waamuzi walichagua moja kati ya hizo mbili bila ruhusa ya kukata katikati. Utaratibu huu unamlazimisha mshtakiwa mwenye akili kupendekeza jambo zito la kutosha ili mwamuzi aliyemwona na hatia aweze kulikubali. Meletus ameomba kifo. Jibu ambalo wengi wangelitarajia ni kuhamishwa nchi, na huenda lingepita.

Socrates akasema anachostahili ni kulishwa bure Prytaneion, jengo ambako mji uliwakirimu washindi wa Olympia.

Tufuate mantiki yake kabla ya kumlaumu. Hajamdhulumu mtu. Akisema anastahili ubaya, atakuwa anajidhulumu mwenyewe kwa kusema uongo juu yake. Kuhamishwa? Ikiwa raia wenzake hawayavumilii mazungumzo yake, wageni watayavumilia? Kunyamaza? Hapo ndipo alipotoa kauli maarufu kwamba maisha yasiyochunguzwa hayafai kuishiwa na binadamu. Fedha? Kupoteza fedha si ubaya, kwa hiyo fedha anaweza kuipendekeza bila kujipinga. Akataja mina 1, ambayo angeimudu. Plato, Crito, Critobulus na Apollodorus wakamsihi aseme mina 30, wao wakiwa wadhamini. Akasema mina 30.

Watu husema faini hiyo ilikuwa dhihaka. Sivyo. Mina 30 ni drakma 3,000, na fundi hodari alipata kama drakma 1 kwa siku, kwa hiyo ni ujira wa zaidi ya miaka minane, mara sita ya mali yote ya Socrates. Kilichoiua ofa hiyo ni kilichotangulia. Ilifika masikioni mwa waamuzi baada ya Prytaneion na baada ya mina 1.

Diogenes Laertius, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema kura za kifo zilizidi zile za hatia kwa 80. Kwa hesabu yetu ni 360 kwa 140. Simama hapo. Watu 80 ambao muda mfupi kabla walisema mtu huyu hana kosa, sasa walipiga kura auawe. Ukimwona mtu hana kosa, kisha ukalazimishwa kuchagua kati ya adhabu mbili, unachagua nyepesi. Hivyo ndivyo tungetarajia. Wale 80 hawakuwa wanapima tena kosa. Walikuwa wanamjibu mtu aliyewaambia, baada ya mji kutamka kwamba ana hatia, kwamba yeye ndiye anayeudai mji heshima. Waamuzi wasiojadiliana hawana mwenzao wa kuwatuliza. Hasira inaingia kwenye chombo cha kura ikiwa mbichi.

Mpaka hapo Socrates alikuwa amewaita wote "wanaume wa Athens". Baada ya hukumu aligeukia wale waliotaka aachiwe, na kwa mara ya kwanza akawaita "waamuzi", akisema hao ndio wanaostahili jina hilo. Akawaomba pia waliomhukumu neno moja: watoto wake wakikua na kujali mali kuliko wema, wawasumbue kama yeye alivyowasumbua wao.

## Mwezi gerezani

Kwa kawaida hukumu ya kifo ilitekelezwa upesi. Lakini siku iliyotangulia kesi, kuhani alikuwa ameivika mashada meli ya kila mwaka iendayo kisiwa cha Delos kwa mungu Apollo, na mji haukuua mtu hadi meli irudi. Xenophon anataja siku 30.

Crito, rafiki wa mtaa mmoja na mwenye mali, aliandaa utoroshaji. Mlinzi alishazoea takrima zake, wachongezi wangenunulika kwa bei ndogo, Simmias wa Thebes alileta fedha, na wenyeji walikuwa tayari kumpokea Thessaly. Aliingia kabla ya alfajiri, akamkuta Socrates amelala usingizi mzito, akakaa kimya akimtazama mpaka alipoamka.

Hoja za Crito ni hoja za rafiki na za baba: watu watasema tuliithamini fedha kuliko wewe, unawapa maadui wako wanachokitaka, unawaacha watoto wako. Socrates hakuuliza kama mpango utafaulu. Aliuliza kama ni haki. Walishakubaliana miaka mingi kwamba mtu asilipe dhuluma kwa dhuluma. Je, makubaliano hayo yanabadilika kwa sababu sasa yanauma? Kisha akaziwazia Sheria za Athens zikisimama mbele yao na kusema: chini yetu wazazi wako walioana, ukazaliwa, ukalelewa. Mlango ulikuwa wazi, raia yeyote asiyetupenda alikuwa huru kuhama na mali yake. Wewe hukutoka mjini ila kwa vita, na safari moja ya sherehe za Isthmus. Na mahakamani ungeweza kupendekeza kuhamishwa, ukapata kwa ruhusa yetu kile unachotaka kukiiba sasa.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno kuliko zote. Inaunganisha uamuzi wa gerezani na ule wa mahakamani: aliyekataa kuhamishwa hadharani hawezi kujihamisha usiku amejifunika ngozi ya mbuzi.

Kuhusu watoto jibu lake ni jembamba. Anasema marafiki watawatunza sawasawa, iwe amekwenda Thessaly au kuzimu. Huenda ni kweli kwa chakula na ada ya mwalimu. Lakini Crito hakuwa akisema juu ya chakula tu, na Socrates, aliyefundisha kwamba kulea nafsi ni kazi kubwa kuliko zote, alilipita swali hilo haraka mno.

## Siku ya mwisho

Asubuhi maofisa wa gereza, wale Kumi na Mmoja, walimfungua minyororo. Aliketi akijisugua mguu, akasema ajabu ya utamu na maumivu, haviji pamoja lakini ukikamata kimoja kingine kinafuata nyuma. Alizungumza na marafiki mchana kutwa. Jioni alioga, ili wanawake wasipate kazi ya kuosha maiti, akaagana na familia. Mtumishi wa Kumi na Mmoja alikuja kumwambia wakati umefika, akageuka akilia. Crito akasema jua bado liko milimani, wengine hula na kunywa kwanza. Socrates akakataa.

Sumu ya hemloki ililetwa ikiwa imeshasagwa kikombeni. Aliuliza kama anaweza kumwaga kidogo kwa miungu; aliyeileta akajibu wanasaga kiasi kinachotosha tu. Akaomba dua, akanywa yote. Apollodorus akaangua kilio, na Socrates akamkemea. Alitembea mpaka miguu ikawa mizito, akalala chali. Yule mtu akamminya unyayo kwa nguvu, akamwuliza kama anahisi, hakuhisi. Ganzi na ubaridi vilipanda kutoka miguuni, kama hemloki inavyofanya: misuli inapooza kuanzia chini, akili ikibaki macho hadi pumzi ikatike. Vilipofika kinenani, alijifunua uso akasema, "Crito, tunadaiwa jogoo na Asclepius. Lipeni, msisahau." Asclepius ni mungu wa uponyaji. Plato hakuwapo, alikuwa mgonjwa.

## Uchambuzi

Kilichoshindikana kwanza ni hati. Miaka 54 baadaye, mwaka 345 KK, msemaji Aeschines aliwaambia waamuzi wa Athens, kama jambo linalojulikana, kwamba walimwua Socrates kwa sababu alionekana kuwa mwalimu wa Critias. Xenophon naye, alipomtetea baada ya kifo, alitumia kurasa nyingi kujibu habari za Critias na Alcibiades. Katika utetezi ulioandikwa na Plato, jina la Critias halimo. Msamaha ulifunga mlango wa mbele, na chuki ikapitia dirisha la kufuru. Kwa maoni yetu huo ndio mzizi wa matokeo haya. Shtaka lililosemwa angeweza kulijibu, na alilijibu. Lile lisilosemwa hakuna mshtaki aliyelitamka, hakuna shahidi aliyelithibitisha, na mshtakiwa naye alikuwa na kisa cha Leon tu cha kulikaribia. Alikisimulia, na ni sehemu yenye nguvu kuliko zote katika utetezi wake. Lakini hakuweza kusema wazi kwa nini anakisimulia.

Msamaha wenyewe haukuwa kosa. Bila huo Athens ingeendelea kuchinjana. Pengo lilikuwa kwenye sheria ya kufuru isiyo na mipaka, iliyoacha nafasi ya kubeba kesi nyingine ndani yake.

Linganisha na Andocides, raia mwingine wa Athens, aliyeshtakiwa kwa kosa la aina hiyohiyo, kufuru, karibu wakati huohuo. Yeye alihusishwa kweli na kashfa za dini za 415 KK. Alijitetea kwa kuusoma msamaha mbele ya mahakama, akahoji sheria moja baada ya nyingine, kisha akamalizia kwa kusihi: baba amekufa, ndugu sina, watoto bado sijazaa, basi ninyi muwe baba, ndugu na watoto wangu. Akawaita watu mashuhuri waje kumwombea. Mmoja wao alikuwa Anytus. Andocides aliachiwa. Mahakama ileile ya Athens ilijua kumwachia mtu, kwa sharti kwamba mshtakiwa acheze sehemu yake, na Socrates alikataa sehemu hiyo kwa sababu alizozitaja waziwazi.

Je, alikosea? Kuhusu machozi, hapana. Hoja ya kiapo imesimama. Kuhusu Prytaneion, tunaona alikosea, na kwa kipimo chake mwenyewe. Angeweza kusema ukweli uleule, kwamba hajamdhulumu mtu na fedha ndiyo adhabu pekee asiyoiona kuwa ubaya, kisha akataja mina 30 moja kwa moja. Misimamo yake isingepungua chochote. Xenophon anadhani alitaka kufa kabla uzee haujamharibu, na hiyo ingeeleza mengi, ila inamfanya awatumie waamuzi kama chombo, jambo lisiloendana na mtu aliyekataa kuwafanya wavunje kiapo.

Linabaki pingamizi ambalo wanafunzi huliuliza daima. Mahakamani alisema hatatii amri ya kuacha falsafa. Gerezani alisema lazima atii hukumu hata kama si ya haki. Ipi sasa? Rudi kwenye jengo la Tholos. Amri ya kumleta Leon ilimtaka atende dhuluma, akakataa. Amri ya kunyamaza ingemtaka aiache kazi aliyoamini amepewa na mungu, na hilo pia lingekuwa kutenda ubaya. Hukumu ya kifo haikumtaka atende chochote, ilimtaka adhulumiwe. Mpaka wake ulipita kati ya mkono unaotenda na mwili unaotendewa, na kwa pande zote mbili aliushika. Siku ya Leon alitoka Tholos akaenda nyumbani, ingawa hilo lingeweza kumwua. Siku ya Crito mlango ulikuwa wazi, mlinzi ameshalipwa, na alibaki ameketi kitandani.